Nani Aliyeichora Safari ya Waliofukuzwa?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye aliutoka mji wa Makka hali ya kuwa ndio mji alioupenda, na kutoka kwake huko Sayyidna Umar (R.A.) akakufanya kuwa mwanzo wa hesabu ya miaka yetu.

Amma baad. Ndugu msomaji, makala haya ni deni ninalolilipa. Siku moja baada ya darsa ya alasiri alinijia kijana mmoja aliyepata kusoma kwangu udogoni na sasa ni baharia wa meli za mizigo. Aliniletea kitabu kikubwa cha picha alichokinunua Valencia, bandari ya Hispania. Akakifungua mbele ya wanafunzi, akasema: "Maalim, hebu tazama. Hawa ni ndugu zetu wanafukuzwa." Nikavaa miwani, nikatazama. Bahari imejaa merikebu. Pwani imejaa watu, wake kwa waume, na mizigo yao mabegani, na askari wamesimama kwa safu. Na katikati ya msiba huo, wako watu walioshikana mikono wanacheza ngoma, na wengine wanapigana mieleka kama kwamba ni siku ya Idi.

Kijana akaniuliza: "Aliyechora haya ni nani, Maalim? Na wao wenyewe mbona hawakujichora?"

Nikamjibu upesi, kama tujibuvyo sisi waalimu tunapotaka kumaliza maneno: "Waislamu hatuchori viumbe vyenye roho." Watoto wakatikisa vichwa, kitabu kikafungwa, nasi tukaenda kutia udhu kwa ajili ya Magharibi. Lakini usiku ule sikupata usingizi, kwani hata nilipokuwa nikilitamka jawabu lile nilijua kuwa halikuwa sawa.

Halikuwa sawa kwa sababu mtu akiingia katika kasri ya wafalme wa Granada, ile iitwayo Al-Hamra, atawakuta simba kumi na wawili wa mawe wamebeba hodhi la maji, na katika dari ya ukumbi mmoja ataona watu kumi wenye vilemba waliochorwa juu ya ngozi katika karne ya 14, wakati wenye kasri hiyo ni Waislamu. Na wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Malik, ambayo ndiyo madhehebu ya Andalusi, waliipambanua sanamu yenye kivuli na picha isiyokuwa na kivuli. Ile ya kwanza wakaiharimisha, na hii ya pili wengi wao wakaiona ni makuruhu. Simfungulii mtu mlango wa kutundika picha sebuleni kwake. Khitilafu ya wanavyuoni katika jambo hili ni ndefu, na mimi nina rai yangu. Ninachosema ni kuwa hukumu hiyo peke yake haitoshi kuwa sababu. Watu wale walikuwa mafundi wa kila kazi ya mkono. Basi kilichowazuia ni nini?

Tuanze pale mlango ulipofungwa. Tarehe 2 Januari 1492, katika mwezi wa Rabiul-awwal mwaka 897 wa Hijra, Sultani Abu Abdillah aliutoa mji wa Granada kwa Mfalme Ferdinand na Malkia Isabella. Katika mkataba waliouandika kabla yake, Waislamu waliahidiwa misikiti yao, makadhi wao, lugha yao na mavazi yao. Ahadi hiyo haikuishi hata miaka kumi. Mwaka 1499 Askofu Mkuu Cisneros alifika Granada, akaanza kubatiza watu kwa nguvu, na vitabu vya Kiarabu vikakusanywa na kutiwa moto katikati ya mji. Vya utabibu ndivyo vilivyosalimika, kwani hivyo viliwafaa wachomaji. Mwaka 1502 Waislamu wa Castile waliambiwa wabatizwe au watoke, na kufika 1526 amri kama hiyo ilikuwa imewafikia wa Valencia na Aragon. Tangu hapo, kwa mujibu wa karatasi za serikali, hapakuwa na Mwislamu hata mmoja Hispania. Palikuwa na Wamorisko, watu walioitwa Juan na Maria mchana, na usiku wakaitana kwa majina mengine.

Jambo lao hili liliwafikia wanavyuoni wa Maghrib. Mwaka 1504 Sheikh Ahmad bin Abi Jum'a, ambaye asili yake ni Wahran, aliwaandikia fat'wa mashuhuri. Aliwaita ghuraba, yaani wageni, na hali walikuwa katika nchi waliyozaliwa babu wa babu zao. Akawaruhusu kuswali hata kwa kuashiria, na wakilazimishwa kutamka neno la kufuru walitamke huku nyoyo zao zikilikataa. Msomaji anajua kuwa aya ya 106 ya Suratun-Nahl iliteremka kwa ajili ya mtu aliyefikwa na jambo kama hili, naye ni Ammar bin Yasir (R.A.). Wako wanavyuoni waliokuwa wakali zaidi, waliosema kuwa ni wajibu kuhama wala hakuna udhuru. Ni rahisi kuyasema hayo kwa mtu aliyeko ng'ambo ya pili ya bahari.

Kisha Januari 1567 ikaja amri ya Mfalme Philip wa Pili. Watu wa Granada walipewa miaka mitatu wajifunze Kikastilia, na baada ya hapo asisikiwe mtu akisema Kiarabu wala asionekane akikiandika. Mabuibui yakatazwa, hamamu zivunjwe, na milango ya nyumba iachwe wazi siku ya Ijumaa ili wapitao waone kama kuna anayeswali. Mzee mmoja wa Kimorisko, Francisco Núñez Muley, alisimama kuipinga amri hii kwa maandishi. Hoja yake ilikuwa nyepesi na nzito pamoja: kuwa vazi ni la nchi na si la dini, na lugha vilevile, kwani Wakristo wa Sham na Misri husema Kiarabu na hakuna anayewaambia kuwa si Wakristo. Hakusikilizwa. Usiku wa tarehe 24 Desemba 1568 milima ya Alpujarras ikalipuka kwa uasi, na vita vikaendelea mpaka 1571. Watu wa Granada kiasi cha 80,000 wakang'olewa, wakatawanywa katika miji ya Castile, wengi wao wakienda kwa miguu wakati wa baridi.

Nimeyapitia haya kwa haraka, kwani ninalolitaka liko mbele. Lakini hapa kuna jambo moja la kulitazama. Katika kanisa waliozikwa Ferdinand na Isabella huko Granada kuna mbao zilizochongwa na fundi Felipe Bigarny baina ya 1520 na 1522. Katika ubao mmoja mji unasalimishwa, na katika mbao nyingine wanaume na wanawake wa Kiislamu wamepangwa wabatizwe, na wanawake wamejifunika nyuso. Huo ndio mwanzo wa kuchorwa kwao, na kalamu ilikuwa mkononi mwa nani, msomaji ameshaelewa.

Tarehe 9 Aprili 1609, mwaka 1018 wa Hijra, Mfalme Philip wa Tatu na washauri wake walikata shauri kuwatoa Wamorisko wote. Mshauri wake mkubwa alikuwa Duke wa Lerma. Jambo likafichwa miezi mitano mpaka merikebu zilipokusanyika, kisha tarehe 22 Septemba likatangazwa Valencia kwa tarumbeta. Watu walipewa siku tatu. Kila mtu achukue kile anachoweza kukibeba mwilini mwake. Nyumba na mashamba ni mali ya mabwana wa ardhi. Na atakayechoma nyumba au kuficha mali, atauawa. Na ikaandikwa pia kuwa katika kila nyumba mia, sita zibakizwe, ili wenyewe wawafundishe wageni watakaoletwa namna ya kuendesha vinu vya sukari, na kutunza mpunga, na kugawa maji ya mifereji. Nilipolisoma sharti hili nilikiweka kitabu chini. Mtu anaambiwa: wewe hufai kuishi hapa, lakini kabla hujaondoka tuonyeshe jinsi ya kuishi hapa.

Kazi hiyo ilimalizika 1614. Waliotolewa katika nchi nzima walikuwa karibu watu 300,000, na zaidi ya thuluthi yao ni wa Valencia peke yake.

Sasa turudi kwenye kitabu cha yule baharia. Picha zile ziko saba, zimechorwa kwa rangi ya mafuta juu ya turubali. Zilianza kuchorwa 1612, miaka mitatu tu baada ya tukio lenyewe, na wachoraji walikuwa Vicent Mestre, Pere Oromig, Francisco Peralta na Jerónimo Espinosa, wote wa upande wa Valencia. Aliyeagiza zichorwe ni mfalme yule yule aliyeagiza watu wafukuzwe. Picha nne ni za kupakiwa merikebuni, katika bandari za Valencia, Denia, Alicante na Vinaròs. Moja ni ya kushuka Wahran, mji wa pwani ya Algeria ambao siku hizo ulikuwa mkononi mwa Wahispania. Mbili ni za wale waliokataa, wakapanda milima ya Laguar na Cortes, wakazingirwa na askari mpaka wakaisha kwa upanga, njaa na kiu. Leo picha hizi zimehifadhiwa Valencia.

Ninazitazama picha hizi kwa nyoyo mbili. Kwa upande mmoja ni fahari ya mfukuzaji: safu za askari zimenyooka, merikebu zimepangika, kila kitu kiko mahali pake, kama kwamba kazi ilikuwa ni kufagia uwanja. Kwa upande wa pili, mchoraji ana macho, na macho hayatii amri kama mkono. Aliagizwa kuchora ushindi wa mfalme, akachora pia bibi kizee na furushi lake.

Na ile ngoma? Ndiyo iliyomsumbua kijana wangu, na mimi pia ilinisumbua. Picha ile ni ya Denia, kazi ya Mestre. Labda mchoraji alitaka kusema: tazameni, wanaondoka kwa furaha, hatukuwadhulumu. Lakini hata watu wa zama hizo walioandika habari zake wamesema kuwa wako Wamorisko walioshuka pwani na ngoma na nguo zao nzuri za siku za sherehe. Nami sioni ajabu. Watu wale walikaa kiasi cha miaka themanini wakiitamka shahada chini ya shuka. Leo wanakwenda kwenye nchi yenye adhana. Mtu anaweza kulilia nyumba yake kwa jicho moja, na kwa jicho la pili akacheka kwa kuwa kesho ataswali mlango ukiwa wazi au umefungwa, apendavyo mwenyewe. Ngoma ile ina yote mawili, na mfalme aliyeinunua picha hakuona ila moja.

Kisichokuwamo katika picha ni kingi. Hamuna nyumba zilizobaki zimefungwa. Hamuna watoto wadogo waliozuiliwa ili walelewe na Wakristo, na mama zao wakapanda merikebu bila yao. Hamuna manahodha waliowapora abiria wao baharini; hayo tumeyapata kwa Ahmad bin Qasim Al-Hajari, Mwandalusi aliyekimbilia Morocco 1599 akawa mkalimani wa Sultani Mulay Zaydan, kisha akatumwa Ufaransa na Uholanzi kati ya 1611 na 1613 kudai mali za walioporwa. Safari zake aliziandika mwenyewe kwa Kiarabu, akiwa Misri, mwaka 1637.

Wala hapana budi kusema la aibu yetu. Walioshuka Wahran walishika njia kwenda Tlemcen, na njiani wengi wao waliporwa na kuuawa na makabila ya Waislamu wenzao, waliowaona wamevaa Kikastilia na wanasema Kikastilia. Huku walifukuzwa kwa kuwa ni Waislamu, na huko wakavuliwa nguo kwa kuwa hawafanani na Waislamu. Habari hii zilipofika Valencia, ndizo zilizowatia baadhi ya watu katika milima ile miwili kufa.

Mwaka 1627 Mfalme Philip wa Nne, mtoto wa yule wa Tatu, aliwashindanisha wachoraji wa kasri yake: nani ataichora vizuri zaidi siku baba yake alipowafukuza Wamorisko? Akashinda kijana Diego Velázquez, ambaye baadaye alikuja kuhesabiwa mchoraji mkubwa kabisa wa Hispania, na kwa ushindi huo akapewa cheo katika kasri. Walioiona picha hiyo wamesema kuwa mfalme alikuwa katikati ananyoosha fimbo kuelekea bahari, na mbele yake wanaume, wanawake na watoto wanalia huku askari wakiwapeleka. Haionekani tena leo. Iliungua pamoja na kasri ya Madrid usiku wa tarehe 24 Desemba 1734. Iliyobaki ya mashindano yale ni karatasi moja tu ya rasimu, ya Vicente Carducho, mmoja wa walioshindwa.

Msomaji wa Mombasa asidhani kuwa hizi ni habari za mbali. Kati ya 1580 na 1640 taji la Ureno lilikuwa juu ya kichwa cha wafalme hao hao wa Hispania. Ngome ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ilijengwa katika enzi ya Philip wa Pili, na huyo Philip wa Tatu aliyewafukuza Wamorisko ndiye aliyekuwa mfalme wa Ngome wakati huo. Mwaka 1614, mwaka ule ule kazi ya kufukuza ilipomalizika, Sultani Hasan bin Ahmad wa Mombasa aliuawa kwa hila za Wareno, na mwanawe Yusuf akapelekwa Goa, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo. Kisha akarudishwa Mombasa atawale kwa niaba yao, na Agosti 1631 akaivamia Ngome akatangaza kuwa yeye ni Yusuf bin Hasan, Mwislamu. Mmorisko wa Denia angeielewa habari hiyo pasina kufasiriwa.

Basi sasa nilijibu lile swali. Hawakujichora kwa sababu kuchora turubali la dhiraa nne kunataka nyumba yenye ukuta, na mlipaji, na miaka ya kukaa mahali pamoja. Mtu wa siku tatu hana hayo. Lakini si kweli kuwa hawakuacha kitu. Waliacha vitu vya namna nyingine, na kosa langu lilikuwa ni kuvitafuta katika fremu.

Mwaka 1884, katika kijiji cha Almonacid de la Sierra huko Aragon, mafundi waliokuwa wakivunja nyumba kuukuu walikuta sakafu ya uongo juu ya sakafu ya kweli, na baina ya hizo mbili vitabu vimepangwa. Palikuwa na vyombo vya kujalidia pia. Mwenye nyumba bila shaka alikuwa na kazi ya vitabu. Alivificha alipoambiwa aondoke, au kabla yake, akitaraji kurudi. Havikuguswa kwa miaka zaidi ya 270. Wale mafundi hawakujua ni kitu gani, na vingi vikachanwa na kuchomwa na watoto kabla hajatokea padri mmoja na msomi mmoja wa Zaragoza kuokoa vilivyobaki.

Walipofunguliwa kwa wenye ujuzi, hati ilikuwa ya Kiarabu, nzuri, ya Kimaghribi, na kila irabu imewekwa. Lakini msomaji wa Kiarabu alikuwa akisoma asifahamu neno. Lugha ilikuwa Kihispania. Watu waliokwisha kuipoteza lugha ya Kiarabu waliishikilia herufi yake, wakaandika kwayo fiqhi, visa vya Mitume, dua, na hata mashairi, kwa lugha ya wale wanaowatesa. Maandishi hayo huitwa aljamiado, na neno hili ni lile lile letu la Kiarabu, al-ajamiya. Herufi ya p hawakuwa nayo, wakaweka ba na kuitia shadda. Sisi watu wa Pwani tulikuwa wavivu zaidi: ba moja ilitutosha kwa p, kwa b na kwa mb, na msomaji akatafuta mwenyewe.

Miongoni mwa waandishi wao yuko mmoja ambaye jina lake halisi halikujulikana. Huitwa tu Kijana wa Arévalo. Mwanzoni mwa karne ya 16 alizunguka Hispania akiwatafuta wazee waliobaki. Alikaa na Yuse Banegas, mtu mkubwa wa Granada, aliyemhadithia kwa machozi siku mji ulipoanguka, na alisoma kwa bibi mmoja mkongwe wa Úbeda, mwanamke mwanachuoni ambaye hata watu wazima wa elimu walikuwa wakimwendea kuuliza. Nani angemkumbuka bibi yule lau kijana hakuchukua kalamu? Hakuna mchoraji wa mfalme aliyebisha hodi kwake.

Na waliofika salama, wengi wao walifika Tunis. Uthman Dey, aliyekuwa akitawala huko, aliwapa ardhi, na sheikh mmoja mcha Mungu, Sidi Abul-Ghaith Al-Qashshash, akawafungulia zawia zake wakala na kulala. Juu ya mto Medjerda walijenga mji wa Testour kwa mipango ya miji waliyoiacha: njia zilizonyooka, uwanja katikati, mapaa ya vigae. Msikiti wao mkuu ulijengwa kiasi cha mwaka 1630 na mtu aitwaye Muhammad Tagharino. Jina hilo nalipenda, kwani asili yake ni thaghr, yaani mpaka wa vita. Ndivyo walivyoitwa watu wa Aragon, watu wa mpakani. Mtu aliyefukuzwa mpakani alibeba jina la mpaka mpaka kwenye mnara wake.

Na mnara huo ndio picha waliyoichora wenyewe. Chini ni wa pembe nne, wa mawe na matofali kama minara ya Aragon na Toledo. Juu una pembe nane. Na umetiwa saa, jambo la nadra katika mnara wa zama zile. Namba za saa hiyo zimepangwa kutoka kulia kwenda kushoto, na mishale huzunguka kinyume cha saa zote. Wako wanaosema kuwa imefuata tawafu ya Al-Kaaba. Wako wanaosema imefuata hati ya Kiarabu. Na wako wanaosema wale watu walitamani kuurudisha wakati nyuma. Rai hii ya tatu ni nzuri kwa washairi. Mimi nimeelekea ile ya pili, kwani mtu aliyezaliwa katika nchi ambayo kuandika kutoka kulia ni hatia, akipata ukuta wa kwanza ulio wake ataandika juu yake kutoka kulia hata namba za saa. Saa ile ilinyamaza miaka mingi mno, ikatengenezwa ikaenda tena 2014. Wala sisi tusiishangae sana. Kila asubuhi twatazama saa iliyoandikwa saba, tukasema ni saa moja.

Walileta pia kofia. Shashia nyekundu za Tunis, ambazo soko lake lilijengwa mwishoni mwa karne ya 17 na lingalipo, ni kazi ya mikono yao: wanawake hufuma sufi majumbani, kisha kofia hupelekwa mtoni zikapondwa kwa maji mpaka zikashikamana, zikachanwa kwa miiba ya mmea maalumu, na zikatiwa rangi Zaghouan kwa ajili ya usafi wa maji yake. Mafundi wake waliendelea kuziita zana zao kwa majina ya Kihispania karne nyingi baada ya kusahau Kihispania chenyewe. Muziki wao nao uko, uitwao maluf, na Testour huwa na tamasha lake kila mwaka tangu 1967. Katika hilo wanavyuoni wana maneno yao, nami napita.

Haya yote nimemweleza baharia wangu aliporudi safari ya pili, mbele ya wanafunzi wale wale, kwani jawabu baya likitolewa hadharani halisahihishwi faraghani. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Na sisi, Maalim, hati hiyo ya ajami ya Kiswahili twaisoma?"

Ninalo kasha la babu yangu mzaa mama. Ndani yake mna karatasi za Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyingine zimeliwa na mchwa pembeni. Nimesomesha karibu miaka arubaini. Wanafunzi wangu wanaisoma Qur'ani kwa tajwidi, wanasoma gazeti kwa herufi za Kizungu, na sikupata hata siku moja kumfundisha mmoja wao kuisoma barua ya babu yake. Hakuna mfalme aliyenikataza. Kasha lilikuwa chini ya kitanda changu, si chini ya sakafu ya uongo, na mwenyewe wake nipo.

Sasa tumeanza, watoto watatu, na yule baharia akiwa bandarini, kila Jumatano baada ya Isha. Karatasi ya kwanza ilituchukua majuma mawili, kwa sababu ya ile ba yetu moja. Mtoto wa kike, mdogo kuliko wote, ndiye aliyeifumbua. Ni hesabu ya nazi: fulani alichukua nazi mia mbili, amelipa mia moja na ishirini.